Kuchagua Vifaa vya Kutunza Gari Wenyewe

Siku hizi katika vijiji vingi si ajabu kukuta pikapu moja au mbili. Nyingine ni mali ya mtu mmoja, nyingine ni za ndugu waliochanga fedha, na nyingine ni za kikundi cha wakulima waliochoka kuwalipa wachukuzi. Nyingi zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko. Gari linafika, watu wanalishangilia, dereva anapatikana. Baada ya miezi michache linaanza kudai: leo pancha, kesho betri, keshokutwa mkanda wa feni unalia. Gereji iko mjini. Fundi akiitwa kuja kijijini, hulipwa nauli kwanza, ndipo ashike spana.

Katika makala hii tunataka tuzungumze juu ya vifaa vya kufanyia kazi ndogo ndogo za gari. Hatusemi kwamba kila mwenye gari awe fundi. Fundi ni fundi, na kazi yake tunaiheshimu. Lakini kubadili gurudumu, kumwaga oili, kukaza mkanda, kusafisha vichwa vya betri na kubadili balbu ni kazi ambazo mtu mzima anayejua kusoma namba anaweza kuzifanya mwenyewe, ilimradi awe na vifaa vinavyofaa. Hapo kwenye "vinavyofaa" ndipo wengi wetu tunapopoteza fedha.

Tuseme pikapu imepakia matenga 30 ya nyanya kwenda mnadani. Njiani gurudumu la nyuma linapasuka. Tairi la akiba lipo. Jeki ipo. Spana ya magurudumu ipo pia, ile iliyokuja na gari, lakini mdomo wake umepanuka. Dereva anaikandamiza, inazunguka juu ya nati, krr, krr, na kila ikizunguka inakula pembe za nati. Baada ya nusu saa nati imekuwa duara kama jiwe la mtoni. Sasa hata angekuja fundi mwenye spana nzuri, haiwezi kushika. Itabidi ikatwe kwa patasi. Jua linapanda, nyanya hazingoji. Hasara yote hiyo imetokana na kipande kimoja cha chuma ambacho hakuna aliyekitazama kabla ya safari.

Usikimbilie sanduku kubwa

Ukienda dukani na kusema unataka vifaa vya gari, muuzaji atakufungulia sanduku la plastiki lenye vipande mia na zaidi, vyote vinameta, kila kimoja kimelala kwenye shimo lake. Bei yake inaonekana ndogo ukigawanya kwa idadi ya vipande. Tunakuomba ugawanye kwa namna nyingine: hesabu ni vipande vingapi utakavyovitumia. Katika sanduku la namna hiyo utakuta vichwa vidogo vidogo vya bisibisi arobaini ambavyo hutavigusa maisha yako yote, na soketi ambazo haziingii kwenye nati yoyote ya gari lako. Na mara nyingi ile spana ya magurudumu, ambayo ndiyo ingekuokoa, haimo kabisa.

Sisi tunashauri uanze na daftari na kalamu, kabla hujatoa hata shilingi.

Kila spana imeandikwa namba. Namba hiyo ni upana wa mdomo wake kwa milimita. Spana namba 10 inashika nati yenye upana wa milimita 10 kutoka ubavu hadi ubavu. Isichanganywe na unene wa bolti yenyewe. Kwa kawaida ya magari ya Kijapani, bolti inayofunguliwa kwa spana namba 10 ina unene wa milimita 6 tu, ya namba 12 ina milimita 8, na ya namba 14 ina milimita 10. Jambo hili tutalirudia tukifika kwenye suala la nguvu, kwa sababu ndilo linalovunja bolti za watu.

Basi, siku gari limepumzika na injini imepoa, mwombe jirani au fundi akuazime spana zake kwa saa moja. Zunguka gari lote. Jaribu spana kwenye vichwa vya betri, kwenye bolti ya kumwagia oili, kwenye bolti za dainamo zinazolegeza mkanda, kwenye bolti zinazobana plagi au kifuniko cha hewa, kwenye nati za magurudumu. Usifungue kitu, pima tu. Kila unapopata namba inayokaa sawasawa, iandike: "betri 10, oili 14, magurudumu 21." Ukimaliza utashangaa. Katika pikapu nyingi za Toyota orodha nzima ni 10, 12, 14, 17, 19, pamoja na 21 ya magurudumu. Namba sita! Ndizo za kuanza nazo. Namba 8 huhitajika mara moja moja kwenye vibanio vya mipira. Nyingine zote zinaweza kungoja mpaka gari lenyewe lizidai.

Kama gari lako limetengenezwa Ulaya, namba zitabadilika. Huko namba 13 inatumika sana, wakati kwenye gari la Kijapani ni nadra kuikuta. Na kama unatunza Land Rover ya zamani, au trekta la Massey Ferguson la miaka ya 1960 au 1970, hapo pana mtego. Nati za mashine hizo nyingi zilipimwa kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu inchi ni milimita 12.7. Ukichukua spana namba 13 ukaivika nati ya nusu inchi, itaingia vizuri tu, na utadhani umepata. Kumbe kuna nafasi ya sehemu tatu za kumi za milimita. Nati ikiwa imelegea hutaona tatizo. Ikiwa imeshikwa na kutu, spana itaruka na kula pembe. Mashine za inchi zinunuliwe spana za inchi.

Aina za spana

Kuna spana ya mdomo wazi, kuna ya ringi, na kuna ile yenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, pande zote mbili namba moja. Kwa mtu anayeanza, hii ya tatu ndiyo yenye faida. Ringi inaizunguka nati yote, kwa hiyo tumia ringi kulegeza nati ngumu na kukaza mara ya mwisho. Mdomo wazi unashika mbavu mbili tu, basi utumie kuzungusha haraka nati ikishalegea. Anayelegeza nati yenye kutu kwa mdomo wazi anatafuta kuumia vidole.

Boksi spana, ambazo wengine huziita soketi, zinafika pale ambapo spana ya kawaida haipiti. Ukinunua, tazama ndani. Nyingine zina pembe 6, nyingine zina pembe 12. Chagua za pembe 6. Zile za 12 ni rahisi kuzivika, lakini zinabana nati karibu na ncha za pembe zake, na nati iliyochakaa inateleza. Soketi za namba zako sita, mpini mmoja na kiungo kimoja cha kurefusha, basi.

Ipo pia ile spana inayofunguka na kufunga mdomo kwa kuzungusha gurudumu dogo. Mafundi wameipa jina la "spana malaya", kwa kuwa haikatai nati yoyote. Jina si la heshima, lakini limeshakaa. Mtu anafikiri akinunua hiyo moja amemaliza. Hapana. Mdomo wake hucheza, na kadiri inavyozeeka huzidi kucheza. Inafaa kushikilia nati upande wa pili wakati unakaza kwa spana ya kweli. Isiwe ya kwanza kununuliwa.

Bisibisi ziwe nne: mbili za mdomo bapa, kubwa na ndogo, na mbili za nyota, kubwa na ndogo. Skrubu nyingi za nyota katika magari ya Kijapani zimechongwa tofauti kidogo na za Ulaya. Bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini, inapanda juu na kuharibu kichwa. Zikiwapo dukani bisibisi za kipimo cha Kijapani, chukua. Zisipokuwapo, sukuma kwa nguvu huku unazungusha polepole, na usiache bisibisi ielee.

Ongeza plaizi moja ya kawaida, nyundo ndogo, brashi ya waya na tochi. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora zaidi, maana mikono yote miwili inabaki huru. Tena usisahau miwani ya kukinga macho. Ukilala chini ya gari, kutu na mchanga vinakuangukia usoni, na jicho halina spea.

Kutambua chuma kizuri

Wengi wanauliza: tutajuaje spana imara na tumesimama dukani tu? Hakuna njia ya uhakika kabisa, lakini kuna dalili.

Nenda dukani na nati mpya ya namba unayojua. Ivike spana na ujaribu kuichezesha. Spana nzuri inaingia bila kulazimishwa na haichezi. Tazama mdomo ulio wazi: kuta zake mbili ziwe sambamba, zisipanuke kuelekea nje. Pitisha kidole ndani. Ukikuta mikwaruzo mikubwa ya kiwandani, au rangi ya kung'aa inayobanduka kama gamba la samaki, iache. Kwenye spana nyingi imeandikwa CR-V au Chrome Vanadium, yaani chuma kilichochanganywa na madini ya kromi na vanadi ili kiwe kigumu bila kuvunjika kama chungu. Maandishi hayo ni dalili njema, lakini mwenye kughushi naye anajua kuandika. Usinunue kwa maandishi peke yake.

Spana zilizotumika si vibaya kuzinunua. Spana kuukuu ya mfanyakazi wa reli au wa shamba la mkonge, iliyokwisha kupoteza mng'aro lakini mdomo wake haujapanuka, ni bora kuliko mpya inayometa. Kutu ya juu juu inaondoka kwa brashi na mafuta ya taa. Ufa hauondoki. Kwa hiyo isafishe kwanza, kisha tazama penye kona.

Nguvu ni mkono mara urefu

Watu wengi hudhani bolti hukatika kwa sababu ni mbovu. Mara nyingi hukatika kwa sababu ya bomba. Mtu anaona nati haitoki, anavika bomba la maji kwenye mpini wa spana, anavuta, bolti inakatika pu!

Sababu yake ni hesabu ndogo. Nguvu inayofika kwenye nati ni nguvu ya mkono ikizidishwa kwa urefu wa mpini. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 10 kwenye mpini wa sentimita 20, nati inapata kiasi fulani. Ukivuta vile vile kwenye mpini wa sentimita 60, inapata mara tatu. Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana spana namba 10 ni fupi na spana namba 19 ni ndefu. Urefu umepimwa kulingana na unene wa bolti, na tumekwisha kusema kwamba bolti ya namba 10 ina milimita 6 tu.

Chukua mfano wa magurudumu. Katika magari mengi madogo ya Kijapani, nati ya gurudumu inatakiwa kukazwa kwa nguvu ya kilo 10 hivi kwenye mpini wa mita 1. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 akipanda na kusimama kwenye bomba la mita 1, amekaza mara sita ya kinachotakiwa. Bolti inavutika, inanyongwa kiuno, na siku moja inakatika barabarani gari likiwa limejaa abiria. Na yeye siku ya pancha hataweza kuifungua.

Kwa hiyo nunua spana ya magurudumu yenye mpini wa sentimita 40 hadi 50, au ile ya msalaba, na ukaze kwa mikono yako miwili, si kwa miguu. Bomba litumike kulegeza tu, na kwa taratibu. Legeza nati nusu duara gari likiwa bado chini, ndipo uinue. Kaza kwa kuruka, nati moja kisha ile inayoielekea, usizunguke kama saa. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena. Spana iliyokuja na gari ijaribu leo uwanjani, pamoja na nati za tairi la akiba. Usingoje siku ya mnada.

Jeki inainua, haishikilii

Hapa tunaomba usome polepole, na kama una mwenzio asiyejua kusoma, msomee.

Jeki ya mafuta, ile yenye umbo la chupa, inafanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa chini ya bastola. Yanayozuia mafuta yasirudi ni vipira vidogo na kigololi. Kipira kikichakaa, au mchanga ukiingia, mafuta yanapita na jeki inashuka. Wakati mwingine inashuka polepole ukaona. Wakati mwingine inashuka ghafla. Jeki za skrubu nazo huanguka upande kama ardhi ni laini au gari likisogea. Watu hufa hivi, na wengi wao si wazembe. Walikuwa wanafanya kazi ya dakika tano.

Kwa sababu hiyo, kama fedha inatosha kitu kimoja tu, kinunuliwe kabla ya spana zote: stendi mbili za chuma, zile za miguu mitatu au minne zenye pini au meno ya kufungia. Jeki inainua, stendi zinashikilia, ndipo mtu aingize kichwa chini. Zimeandikwa tani zinazobeba. Kwa pikapu chagua stendi na jeki zilizoandikwa tani 3 au zaidi, na ushushe mzigo wote kabla ya kuinua. Stendi ziwekwe chini ya ekseli au chini ya chesisi, siyo chini ya sampu ya oili wala chini ya bati. Ukishaziweka, sukuma gari kwa mkono huku na huku. Kama linatikisika, liangukie sasa, wakati wewe uko nje.

Stendi zisipopatikana, tumia magogo mazito ya mti mgumu yaliyochongwa bapa, yakipangwa kwa kupishana kama kuta za ghala. Matofali hayafai. Tofali la saruji linabeba uzito mkubwa, ni kweli, lakini likipata ncha ya chuma mahali pamoja linapasuka bila kutoa taarifa. Mawe yanateleza. Rimu ya gurudumu iliyolazwa chini ni msaada wa ziada tu, wala haichukui nafasi ya stendi.

Ardhi ya kwetu mara nyingi ni mchanga au udongo laini. Tembea na ubao mnene wa mraba, kama sentimita 30 kila upande, wa kuweka chini ya jeki. Na vigingi viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu yanayobaki chini. Breki ya mkono peke yake haitoshi, kwa sababu katika magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua upande wa nyuma, imekwisha kazi.

Neno moja juu ya mashimo ya kukagulia magari. Yanafaa, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama shimoni. Usifungue tangi wala bomba la petroli gari likiwa juu ya shimo, na asiingie mtu na sigara au taa ya moto.

Upepo, umeme na oili

Geji ya upepo ni kifaa kidogo, bei yake si kubwa, na inalinda matairi ambayo bei yake ni kubwa sana. Kupiga tairi teke hakukuambii kitu. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva, na mara nyingi kuna kipimo cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla ya safari. Tairi likishatembea linapata joto na kipimo kinapanda, ukipunguza hapo utakuwa umekosea. Geji ikienda na pampu ya mguu, hata pancha ndogo hutaihofu.

Kwa umeme, taa ya kujaribia inatosha kwa kuanzia: balbu ya volti 12 ya taa ya nyuma na nyaya mbili. Waya mmoja unagusa bati la gari, wa pili unagusa unapotaka kujua kama umeme unafika. Balbu ikiwaka, umeme upo. Itumie kwenye taa, honi na fyuzi tu. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayoongoza injini, na balbu hiyo inavuta umeme mwingi kuliko nyaya zake zinavyoweza kustahimili. Pia usiguse nyaya zenye viungo vya manjano karibu na usukani, ambazo aghalabu ni za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali. Na kama gari lako ni lile linalotumia petroli na betri kubwa ya umeme pamoja, nyaya nene za rangi ya chungwa zinaua.

Anayeweza kuongeza kidogo anunue mita ya umeme. Ukiiweka kwenye volti 20 za umeme wa betri na kupima betri iliyopumzika, ikisoma 12.6 imejaa. Ikisoma 12 au chini, imekaribia kwisha. Washa injini upime tena. Ikipanda kufika kati ya 13.8 na 14.4, dainamo inachaji. Isipopanda, betri unayotaka kununua si dawa ya ugonjwa huo, na hapo mita imeshalipa gharama yake.

Ukifungua betri, anza na kichwa cha hasi, na ukifunga kiwe cha mwisho. Hasi imeunganishwa na bati la gari. Ukianza na chanya, spana ikigusa bati, itatoa cheche nene, itaunguza mkono, na betri inayotoa gesi inaweza kulipuka.

Kazi ya oili haihitaji mengi: spana ya bolti ya chini, beseni, faneli na matambara. Filta hufunguka kwa mkono, na ikikataa, izungushie mkanda wa ngozi ukavute. Ukifunga mpya, paka oili kwenye mpira wake, zungusha mpaka mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Usitumie spana. Oili chafu isimwagwe penye mfereji au karibu na kisima, na usijipake mwilini. Irudishe kwenye galoni.

Kazi za kuachia fundi

Tumesema nunua vichache, kwa hiyo tuseme pia vya kuacha. Usinunue vifaa vya kubania springi. Springi iliyobanwa ikiponyoka ina nguvu ya kuua. Mfumo wa mafuta ya breki, mkanda wa ndani wa injini na gesi ya kupozea hewa, vyote hivyo peleka kwa fundi. Kipato chako ni kwamba ukifika kwake utakuwa umekwisha kujua betri yako inasoma ngapi na oili ilibadilishwa lini, kwa maana umeandika. Fundi mwaminifu atafurahi. Asiye mwaminifu atapunguza maneno.

Kutunza na kuazimana

Vifaa vilivyokwisha kununuliwa viwekwe kwenye sanduku la chuma au mfuko mzito wa turubai, kila kimoja kimefutwa kwa tambara lenye oili kidogo. Kwa walio pwani hili si hiari, maana hewa ya chumvi inakula spana katika msimu mmoja. Paka rangi ya aina moja kwenye mipini yote, nyekundu au bluu, ili kifaa kikidondoka kwenye nyasi kionekane, na kikienda kwa jirani kijulikane ni cha nani.

Ikiwa gari ni la kikundi, awepo mtu mmoja anayeshika ufunguo wa sanduku, na liwepo daftari: tarehe, kifaa, jina la aliyechukua, tarehe ya kurudisha. Jeki na spana ya magurudumu zisiazimwe kabisa, kaa nazo garini. Nyingine ziazimwe kwa daftari. Na wakati wa kununua, ile spana namba 10 chukua mbili. Inafungua betri, inafungua vifuniko, inafungua karibu kila kitu kidogo, na ndiyo inayopotea kabla ya nyingine zote.